Gumba la Mama Mwanaheri

Miaka kumi na miwili Mama Mwanaheri alipima watoto wa wakimbizi: utepe wa rangi mkononi, kijani ikiwa salama, kisha kuubonyeza mguu kwa kidole gumba. Mguu ukibaki na shimo, basi mtoto kavimbishwa na njaa, apewe chakula.

Ugonjwa wa mpox, unaoambukiza kwa kugusana, ulipoingia kambi ya Lac Vert, wakubwa wa lishe wa serikali, hao wanaoshinda ofisini, wakakataza kugusa watoto; mama zao wawapime wenyewe, kwa utepe tu.

Mama mmoja, Masika, akauzungusha utepe kwenye mkono mnono wa mwanawe Lévi. "Kijani! Mutoto mzima!"

Mwanaheri akaiona miguu ilivyozijaza soksi za ubatizo. Gumba likamwasha. Akaiogopea kazi yake, akaandika: mzima.

Jumatatu Lévi akazikwa. Masika akarudi kuuliza kama alipima vibaya.

"Ulilegeza utepe, mama," Mwanaheri akamjibu.