Funguo Kumi na Moja za Harieth

Tulipokutana mara ya kwanza, Harieth aliomba wiki sita. Nikampa tatu. Ni mwalimu wa kompyuta kutoka Bukoba, amepangiwa Bariadi, na jioni huandika programu. Nilitaka kifaa cha kusoma hereni za utambulisho za ng'ombe niliowaacha kwa wafugaji wa Lingeka, na orodha ifungwe kwa ufunguo wa siri. Kwetu mtu hatangazi mifugo yake. Tukaandikiana kwamba programu ni mali yangu.

Wiki tatu zilitosha kujaribu kufunga. Kufungua hakukujaribiwa.

Kisha Ngassa, mmoja wa wafugaji wangu, akafariki. Mwanawe Bujiku akadai ng'ombe kumi na wanane waliokuwa zizini ni wa baba yake. Baraza la kata likatupangia saa nne asubuhi. Saa tatu na nusu Harieth alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, kompyuta magotini, na orodha inatoka herufi za ovyo.

"Mwangaluka, mzee," Bujiku akanisalimu akipita. "Ng'ombe wamegoma kutoka humo?"

Nikamgeukia Harieth. "Mwalimu, kuna nini?"

"Ufunguo wako mmoja huzaa nyingine kumi, Mzee Mayunga. Kila mmoja hukorogwa kutokana na uliotangulia, na orodha hupitishwa kwenye zote kwa zamu. Kumbukumbu ya kifaa ni ndogo, kwa hiyo nilikuwa nazalisha ufunguo, nautumia, nautupa."

"Sasa?"

"Kufungua kunaanzia ule wa mwisho kuzaliwa. Programu yangu inaanzia kwa mama."

"Si uanzie huo wa mwisho?"

"Umeshatupwa. Lazima nizalishe zote upya mpaka wa kumi na moja, ndipo nirudi nyuma mmoja mmoja."

Karani akaita majina yetu. Harieth akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Nikimaliza, programu ni yangu. Nitamuuzia nimtakaye."

"Hata Marcelo?" Huyo ndiye tunayegombania naye ng'ombe kila mnada.

"Kwanza Marcelo."

Karani akaita mara ya pili. Ya tatu kesi ingefutwa, na ng'ombe wangebaki kwa Bujiku.

"Chukua. Andika."

"Sema mbele ya karani."

Nikasema. Akaandika mistari michache, na majina ya ng'ombe yakapanda kwenye kioo yakisomeka.

Barazani ikaonekana kumi na sita walikuwa wangu. Wawili walikuwa ndama niliompa Ngassa kama ujira. Mwenyewe nilishasahau, ila orodha haikusahau. Bujiku akawachukua. Harieth amemuuzia Marcelo programu, na mimi siku hizi hulipia marekebisho kama mteja mwingine yeyote.