Utani Chini ya Mjohoro Uliovunjika

Fundi seremala niliyezoea kupita karakana yake pale Ng'ambo amefariki. Ameuawa na mjohoro wa uani kwake, kesho yake baada ya ule upepo ulioezua mabati ya nusu ya mtaa. Alikuwa Mgogo, na msomaji anayeijua Tabora atakuwa ameshaelewa kwamba alikuwa na watani kila nyumba. Wanyamwezi na Wagogo wanataniana tangu enzi za wapagazi, misafara ilipokuwa ikikatiza Ugogo kwenda pwani, na hawajachoka. Mtani wake mkubwa alikuwa jirani, mama wa Kinyamwezi, aliyemtangazia kifo karibu kila asubuhi. Akinunua baiskeli, itamuua. Akila sana, atapasuka. Naye fundi alikuwa akijibu kwamba atatangulia yeye mama, na pilau la msiba atalila lote.

Hakuwa mzembe. Mwaka jana mwarobaini wangu ulipoangukia waya wa umeme, alinizuia kuingia uani kwangu mwenyewe mpaka mafundi wa umeme walipofika, nami nikamnunia. Lakini mti wa kwako unakudanganya kwamba mnajuana. Tawi kubwa la mjohoro wake lilivunjika nusu, likapinda, ncha yake ikakandamiza paa la jiko. Akaegemeza ngazi, akapanda na msumeno. Yule mama akamwambia kutoka uzioni kwamba leo anakufa. Akacheka, akamwomba aanze kuchambua mchele. Tawi lililopinda hivyo limejikaza, na msumeno ulipofika katikati likafyatuka, likampiga kifuani. Alianguka pamoja na ngazi yake.

Msibani watani wana kazi yao: humwigiza marehemu, wafiwa wakapata kucheka kidogo. Tulimsubiri yule mama. Alikaa mkekani kimya, na hakuna aliyethubutu kumchokoza. Tuliporudi kutoka makaburini, wanaume wawili walichukua shoka wakamalizie lile tawi, zipatikane kuni. Hapo akainuka.

“Msiliguse. Aitwe mkata miti mwenye kamba zake. Sifanyi utani.”

Shoka likawekwa chini.

Nimeusifu utani mara nyingi katika safu hii, na sitauacha. Ila umetuzoeza kutajiana kifo mpaka neno lenyewe limeisha makali. Penye tawi linaloning'inia au waya ulioanguka, tuanze na yale maneno mawili ya yule mama. Aliyasema vizuri sana, na aliyestahili kuyasikia tulikuwa tumeshamzika.