Mzungu wa Bunduki Aliyekuja na Fimbo

Miaka hiyo nilikuwa nikimfanyia kazi mzee mmoja Mwingereza aliyeishi nje kidogo ya mji wa Kitale. Alikuwa mgane, mstaafu wa mambo ya matrekta. Nilikuwa nikimpikia na kumpigia chapa barua, kwa sababu nilisomea uhazili na macho yake yalikuwa yameanza kumsaliti. Na barua hazikumwisha. Aliwaandikia watu wa manispaa kuhusu mbuzi wanaozurura, kuhusu disko la harusi za jirani, kuhusu lori lililoegeshwa mahali pa kupita watu. Magazeti ya kwao yalimfikia kwa posta yakiwa yamechelewa, na wakati wa chai ya saa kumi alinisomea yanayowaumiza vichwa Waingereza wenzake: ua wa jirani uliopita kimo, siku ya kuzoa taka iliyobadilishwa, fataki zinazotisha mbwa. Nilikuwa nikiitikia kwa heshima huku nikijiuliza hawa watu wameshiba kiasi gani.

Alikuwa na bunduki pia, ya kupigia kanga na kwale. Hiyo nayo ilikuwa na sheria zake. Ililala ndani ya sanduku la chuma, risasi zikalala chumba kingine, na kila mwaka alivaa tai kwenda polisi kuhuisha leseni. Aliniambia kwao bastola zimepigwa marufuku kabisa, na hata mkulima mwenye bunduki ya ndege huchunguzwa kama anayeomba kuoa. Yeye aliona ni sawa. Alisema bunduki bila sheria ni ujinga wenye kelele.

Nyumbani kwangu ni Tongaren, upande wa Bungoma, ambako nimeolewa. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha sukari, akarudi kukaa na mama yake na watoto wetu wawili, mimi nikawa nafika wikendi. Mke wa kufika wikendi hasifiwi sana, naomba mjue hivyo. Kwa hiyo nikifika nilikuwa napenda kujitutumua kidogo. Nilisimulia habari za mzungu wangu, na ile bunduki nikaitia chumvi mpaka ikakaribia kuwa mzinga.

Mwaka huo mahindi yalipoanza kukomaa, mama mkwe akaniambia tumbili wa mtoni wanayamaliza. Lile shamba ndilo lilikuwa ugali wetu wa mwaka mzima, wa kwake na wa watoto wangu. Akaniuliza, akiwa anatazama pembeni, kama yule mzee wangu hawezi kuja na bunduki yake. Mama huyo hakuwahi kuniomba kitu. Nilisikia raha mpaka nikaahidi kabla sijauliza.

Mzee nilimwambia tu tunasumbuliwa na tumbili, naye akasema atakuja Jumamosi kuangalia. Kuangalia, ndivyo alivyosema. Mimi nyumbani nikapeleka habari kwamba anakuja kupiga. Ilikuwa kabla ya ile miaka mibaya ya mapigano ya Mlima Elgon, wakati mlio wa bunduki ulikuwa bado kitu ambacho watu wangeacha kazi zao waje kuusikiliza.

Jumamosi boma lilijaa. Majirani walikuja na viti vyao. Mama mkwe alikuwa amechinja jogoo, na firigisi ilishatengwa kwa ajili ya mgeni. Mume wangu alipiga kiwi viatu, akawa mbele ya watu wote kufungua mlango wa gari. Mzee alishuka, akasalimia kwa Kiswahili chake cha jikoni, kisha akatoa nyuma ya gari mfuko mrefu wa turubai. Mume wangu aliupokea kwa mikono miwili, akaubeba mpaka katikati ya uwanja, na nilimwona anameza mate.

Mzee akafungua mfuko akatoa fimbo. Fimbo tu, yenye kiti kidogo cha ngozi kwa juu, ambayo Waingereza huikalia wakingoja ndege waruke. Akaichomeka ardhini, akaikunjua, akakaa.

Mtu mmoja akacheka puani, halafu wakacheka wote, na aliyecheka zaidi ya wote alikuwa mume wangu. Alicheka mpaka akajishika magoti. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mzee naye, akidhani tunaifurahia fimbo, akainuka ili kila mtu aijaribu.

Kisha akaniomba nimtafsirie. Alieleza kwamba leseni yake ni ya ndege, tena kwenye mashamba yaliyotajwa, na kwamba tumbili ni mali ya serikali. Alieleza kwamba hata angeruhusiwa, hapigi mahali penye nyumba na watoto. Shauri lake lilikuwa tuwaone watu wa wanyamapori, tufuge mbwa, tuchome pilipili pembezoni mwa shamba. Kila sentensi ilipita kinywani mwangu kama yangu. Jirani mmoja aliuliza kwa sauti ya upole, “Ati amekuja kutoka Kitale kutuambia tuchome pilipili?” Sikumtafsiria mzee hilo. Niliona aibu kwa ajili yake mbele ya watu wangu, halafu nikaona aibu kwa ajili ya watu wangu mbele yake, na mimi nilikuwa nimesimama katikati nikitabasamu kama mjinga.

Akasema basi twende tuone shamba. Tukateremka mimi, yeye, mama mkwe, mume wangu na majirani wachache wasiokata tamaa. Mzee alizunguka polepole, akiinama kwenye mabua. Alichukua muda mrefu, na alipokuja kwangu aliongea kwa Kiingereza na kwa sauti ya chini. Tumbili, alisema, huvunja bua, huuma hindi hili na lile, huacha maganda kila mahali. Hapa mabua yamesimama. Mahindi yamenyofolewa moja moja, safu kwa safu, wala hakuna ganda hata moja chini. Akanionyesha, karibu na njia ya kwenda barabarani, mahali ambapo majani yalikuwa yamelala, upana wa gunia.

Walikuwa wananingoja. Nami nilikuwa na hamu ya kusema kitu ambacho kingemrudishia mzee wangu heshima, na mimi yangu. Nikasema kwa nguvu, ili wasikie hata wa nyuma, “Anasema si tumbili. Ni mtu.”

Nilitegemea kelele. Jirani wa pilipili akawa anatazama mto. Nikageuka kwa mume wangu, ambaye Kiingereza alikisoma shuleni kama mimi na hakuhitaji kungoja tafsiri, nikamkuta anakipangusa kiatu chake kwa jani la mhindi, kilekile kiatu, tena na tena, na kilikuwa kisafi. Mama mkwe akasema chakula kinapoa.

Nilikula bila kujua nakula nini. Kila mtu pale alikuwa akijua, isipokuwa mimi na mzungu, na sasa mzungu alijua nusu na mimi nilijua yote. Soda ambazo mume wangu, asiye na kazi, aliwanunulia wenzake pale senta, viatu vile, jinsi alivyokuwa hanitumii ujumbe wa kuomba chochote nikajisifu kwa wanawake wenzangu kwamba wangu hana tamaa. Mzee alisifu jogoo, akashukuru kwa mikono miwili, akaondoka na fimbo yake kabla ya mvua. Mume wangu hakumbebea mfuko.

Tulipokuwa tukiosha vyombo, sisi wawili tu, nilimwambia mama mkwe kwamba angeniambia. Nilisema kwa ukali, nakiri, kwa sababu aibu ikinishika huwa natafuta wa kumgombeza. Aliendelea kusugua sufuria.

“Mimi sikuwa nataka tumbili ikufe,” akasema. “Nilitaka tu bunduki ilie mara moja, hewani. Yeye angesikia, angeogopa, ingeisha hivyo. Si ni mtoto wangu? Sasa wewe umesema mbele ya watu.”

Alikuwa amepanga njia ya kumrudisha mwanawe bila kumvua nguo, akaniomba mimi, jambo la kwanza aliloniomba tangu niolewe, nami nikampeleka mwanawe uwanjani. Nilitaka kusema sikujua. Lakini alikuwa ameniamini nitaleta mlio tu, na mimi nilileta maneno.

Wiki kadhaa baadaye nilipofika nilimkuta mama mkwe shambani anavuna. Mahindi yalikuwa bado na maji, ukibonyeza punje kwa kucha inaingia. Angelazimika kuyaanika siku nyingi kwenye turubai, na mengine yangeoza. Nikaingia kumsaidia bila kuuliza. Mume wangu alitokea njiani, akasimama, akauliza mbona tunavuna mapema hivyo.

“Nimechoka kulinda, mwanangu,” mama akamjibu, bila hasira yoyote.

Mume wangu akavua viatu, akaviacha kando ya njia, akaja akainamisha mgongo tumtwike gunia la kwanza. Aliyabeba yote mpaka nyumbani, peke yake, akipita kati yetu kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa nikishika mdomo wa kila gunia kumsaidia kulipandisha, uso wangu na wake vikiwa karibu kabisa, na hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake.