Kilango cha Dada Hajran

Katika kichochoro chetu hapa Multan, nyumba ikifiwa, mlango wake wa nje haufungwi mpaka siku tatu za kilio ziishe. Mume wa Hajran alipofariki, tulifanya hivyohivyo. Wanaume walikaa kwenye majamvi njiani, wanawake tukajaa uani. Jiko la mfiwa haliwashwi, kwa hiyo chakula kilipikwa kwangu na kupitishwa kwenye kilango kilicho katika ukuta kati ya ua wake na wangu. Kilango hicho kilitobolewa na mama yangu na mama mkwe wake, ili mtu akiishiwa chumvi asilazimike kuvaa buibui na kuzunguka njia nzima.

Siku ya pili aliingia mwanamke mnene, analia kuliko dada wa marehemu. Alimkumbatia Hajran, akamtaja marehemu kwa jina, akajipiga kifua. Watu wa upande wa mume walidhani ni ndugu wa mke, na wa mke wakadhani ni wa mume. Akapewa mto wa kuegemea. Ulipofika wakati wa kumvua mjane bangili zake za dhahabu, yeye ndiye aliyemshika mikono, akazifunga bangili kwenye kitambaa, akasema anakwenda kuziweka sandukuni. Kisha akaaga kwamba anakwenda kunawa uso, akapita kwenye kilango, akakatiza uani kwangu na kutokea mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nimeinamia sufuria ya dengu. Nilimsikia tu nyuma yangu: "Mungu akubariki, dada, angalia isiungue."

Shabbir, mtoto pekee wa Hajran, anafanya kazi Lahore katika duka la nguo. Hakusema kwamba nimeiba. Aliuliza tu, mbele ya wanawake wote, imekuwaje mgeni akajua njia ya kupitia kwangu. Wanawake wakatazama vikombe vyao vya chai. Nayajua macho yale. Niliyaona siku mume wangu alipooa mwingine na kuniwekea sanduku langu la bati nje ya mlango. Walisema lazima nilifanya jambo. Tangu nirudi nyumba hii ya baba yangu, kila kinachopotea kichochoroni hutafutwa kwangu kwanza, hata kuku.

Shabbir akamwita Mureed, mwashi wetu, akazibe kilango kwa matofali na saruji. Akatia makomeo ya chuma mlango wa mbele. Alimwambia mama yake kwamba eda ikiisha nyumba itauzwa, naye atahamia Lahore. Halafu akarudi kazini.

Hajran ni mwanamke aliyekuwa akigombana na muuza mboga kutoka juu ya paa, na mtaa wa pili wakasikia bei. Ufunguo wa nyumba yake hakuwahi kujua uko wapi, kwa sababu haukuwahi kuhitajika. Sasa mchana, jua linapowafukuza watu wote vichochoroni, nilikuwa nikimsikia akiburuta kitanda cha kamba na kukiegemeza mlangoni. Ombaomba akipita, Hajran anajifanya hayupo. Waliokwenda kumpa pole walisema ukimkumbatia anajishika vifundo vya mikono yake mwenyewe, kama mtu anayezuia bangili ambazo hana tena.

Nilisema moyoni, na aonje. Mimi kazi yangu kushona mifarishi ya pamba ya kulalia, nikaendelea kushona.

Mchana mmoja aligonga matofali kwa mchi.

"Wasai, upo?"

Nikaendelea kukata kitambaa.

"Najua upo. Nasikia mkasi wako."

"Kama unausikia, unauliza nini?"

"Nauliza tu. Sema chochote. Nitukane ukitaka."

Basi nikamtukana. Nilianza na mwanawe na kichwa chake kama tikiti, nikaja kwa marehemu aliyekuwa akikoroma mpaka kuta zangu zikatikisika, nikamalizia na pilau yake, ambayo miaka yote hii tumeila kwa heshima tu. Aliniacha mpaka hapo kwenye pilau, akanijibu. Tulijibizana, kisha nikaona anajibu polepole, kisha hajibu. Alikuwa amelala. Kumbe hakuwa amelala mchana tangu msiba. Kuanzia siku ile nilihamishia mifarishi yangu kando ya ukuta. Sikufanya hivyo kwa wema. Ila ukimtukana mtu na yeye akapata usingizi, unajisikia una kazi ya maana.

Eda ilipoisha, Shabbir alikuja na mnunuzi. Alimkuta mama yake amepiga magoti, anapiga matofali kwa mchi, vumbi limemjaa kichwani. Mimi nilikuwa upande wangu na nyundo ya baba.

Alisema, "Mama, unataka mwizi arudi kwa njia ileile?"

"Yule mwanamke alinikumbatia mimi," Hajran akasema. "Nililia begani kwake. Mikono nilimpa mwenyewe. Wasai alikuwa anawapikia nyie. Nikienda Lahore, nani atanitukana nikalala?"

Shabbir alinitazama. Nami sikuinamisha macho. Wakati ule tofali la kwanza likaanguka, na yote yaliyobaki yakafuata kama biskuti kwenye chai. Mureed, aliyesimama mlangoni na wengine kuangalia, akakohoa.

"Nilitumia udongo," akasema. "Saruji nilijengea choo changu. Nilijua hawa hawatakaa hivi."

Mnunuzi ndiye aliyecheka kwanza. Hakununua kitu, lakini alikunywa chai.

Shabbir hajaniomba radhi mpaka leo, na wala simngojei. Lakini juzi alifariki bibi mzaa mama wa Mureed, na mlango ukaachwa wazi, maana msiba wa mlango uliofungwa sisi hatuujui. Mke wa Mureed alikuja kwangu kabla majamvi hayajatandikwa. Alisema wanawake wamekubaliana mimi nikae mlangoni, na kila asiyejulikana nimuulize anamlilia nani.

"Mimi?" nikamuuliza. "Mwenye njia ya wezi?"

Akatazama chini. "Wewe ndiye uliyeisikia sauti ya yule mwizi, dada."

Hajran alishapita kwenye kilango na vigoda viwili. Tulikaa kushoto na kulia kwa mlango. Aliingia mwanamke analia kwa kelele, Hajran akamshika mkono, kwa nguvu na bila kutetemeka, akamuuliza jina la mama yake.

Alikuwa binamu wa kweli. Tukampa mto.