Komite ya Papa

Kwetu Nyabiondo, kuta zilipakwa chokaa kabla sijazaliwa, kisha moshi wa jikoni ukazigeuza nyeusi. Pambo lilikuwa moja tu: picha iliyokatwa kwenye gazeti la Kifaransa. Viongozi weusi wa Amerika wanaandamana wameshikana mikono, suti na kravati, mchungaji mmoja katikati. Papa, baba yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alimpenda yule mchungaji kuliko alivyotupenda sisi, nasema bila haya.

"Hakushika bunduki hata siku moja," alituambia tukiwa tunakula, "na wenye bunduki walimuogopa."

"Na wakamuua, Papa watoto," Mama alimjibu. "Malizia basi!"

Papa alicheka tu, akaongeza maharage.

Vita ilipopanda hadi kwetu, wenye silaha walianza kuingia nyumba kwa nyumba. Leo hawa, kesho wale, kila kundi likitafuta nani amewapikia wengine. Jirani yetu walimchukua kwa sababu ya kalenda yenye sura ya mwanasiasa. Kalenda! Siku hiyohiyo Mama alipanda kiti, akabandua picha, akaikunja na kuizika ndani ya gunia la maharage ya mbegu. Papa alinuna lakini hakumzuia. Hata yeye usingizi ulikuwa umemkimbia.

Walikuja asubuhi, tukichambua maharage. Mkubwa wao alizungusha macho, kisha akasimama mbele ya ukuta. Mungu wangu! Katikati ya masizi yote yale palibaki mraba mweupe kabisa, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameufikiria.

"Hapa kulikuwa picha ya nani?"

"Ya watu wa Amerika, chef," Papa akamjibu yule mkubwa.

"Ya Amerika, njo maana unaficha?"

Mama akatumbukiza mikono miwili guniani, maharage yakamwagika chini, akaitoa picha.

"Angalia, mwana yangu! Hawa weko Waamerika. Walitafuta haki ya watu weusi, bila silaha!"

Yule aliikunjua, akawatazama wale wanaume mmoja mmoja. Kusoma hakujua, tuliona, maana kwanza aliushika upande wa maandishi kichwa chini.

"Hii njo komite yenu," akasema. "Na huyu wa katikati njo prezida. Yeye iko wapi?"

"Walimuua!" Mama akalia. "Zamani, walimuua!"

"Nani alimuua?"

Papa angeweza kusema hajui. Nilimwomba kwa macho, Papa, sema hujui, nakuomba. Akasimama, akajibu kwa sauti yake ya darasani:

"Muntu wa bunduki, kama wewe."

Wakamchukua Papa, wakashika njia ya Walikale. Picha waliitupa chini, juu ya mbegu zetu.

Tuliuliza kila aliyetoka upande ule, miaka na miaka. Hakuna aliyemwona, si mzima, si maiti. Mama aliirudisha picha palepale kwenye mraba wake. Mwaka jana nilifika kumsalimia, nikamkuta na ufagio mkononi, anagombana na mchungaji wa pichani.

"Wewe, walipokuua, radio zote zilisema, dunia nzima ikakulilia. Wangu hata kilio hatujamufanyia, maana hatujue kama alikufa. Kama yeye iko huko kwako, sema basi. Sema, tukae chini tulie!"