Mwaka Nilioitwa Small

Juzi nilikuwa Malaba nikichambua mitumba kando ya barabara, nikakuta kwenye shingo ya blauzi lebo yenye neno *small*. Nikacheka peke yangu. Muuzaji akaniuliza, "Dada, kwani haikutoshi?" Ningemweleza nini? Wewe nitakueleza, tumejuana.

Miaka ile ya tisini mwanzoni, shuleni kwetu mtoto hakuulizwa cheti cha kuzaliwa. Alipitisha mkono juu ya kichwa. Vidole vikigusa sikio la upande wa pili, basi ameiva kwa darasa la kwanza. Vyangu viliishia kwenye nywele. Mwalimu akamwambia nyanya yangu, "Mama, huyu bado ni *small*. Mlete mwaka ujao." Wenzangu wote wakaingia. Mimi nikabaki na nyanya na mbuzi, na neno lile likinikera kama mbegu ya pera iliyokwama menoni.

*Small* ni kiasi gani hasa? Nilimuuliza jirani yetu aliyeuza mitumba, akanifunulia shingo ya shati. "Ona, hii ndiyo *small*." Shati lenyewe lilimtosha yeye, mama mzima! Mama wa Uganda aliyevuka mpaka na ndizi zake akasema kwao ni *katono*, akanionyesha ncha ya kidole. Sasa nani mkweli? Nikawa nashinda kwenye turubai la jirani, katika harufu ile ya marobota yaliyofunguliwa asubuhi, nikimpangia nguo kwa lebo: *small* huku, *medium* hapa, *large* kule. Hakuna aliyewaza kwamba huko ni kusoma.

Kwenye rundo la watoto nikaona fulana nyekundu iliyoandikwa *large*. Nikaiomba. Januari nikaivaa ndani nje, mbele nyuma, lebo ikae chini ya kidevu, nikasimama na nyanya mbele ya mwalimu. Niliogopa sana. Nikirudishwa tena, nilijua nitalia njia nzima.

"Mwalimu, mimi si *small* tena. Soma hapa."

Alicheka hadi akavua miwani. Halafu akaniambia nipitishe mkono. Nikanyoosha mpaka bega likauma, sikio sikulipata.

"Nani alikwambia imeandikwa hivyo?"

"Hakuna. Nimeona mwenyewe."

Akachukua chaki, akaandika neno mlangoni. "Na hii?"

"*Small*," nikasema, kwa chuki kabisa.

Akamgeukia nyanya. "Mama, huyu mwache hapa."

Nilidhani nyanya atapiga vigelegele. Aliondoka polepole akijifuta macho na leso, akaenda kushinda peke yake na mbuzi. Nilimwelewa baadaye sana, wakati hayupo tena.

Siku hizi shule ile inataka cheti, na pale pa turubai la jirani pamejengwa maduka.

Mkono wangu ulilifikia sikio muhula wa tatu wa mwaka ule. Nilisimama somo likianza, vidole vimelishika sikio barabara, nikangoja mwalimu aliyekuwa akiandika ubaoni ageuke anione. Kumbe mwalimu wetu alikuwa amehamishwa likizoni. Aliyegeuka alikuwa mwalimu mgeni, akaniuliza kama sikio linaniuma.