Kuinuka na Kitunga Bila Mkono wa Mtu

Kule Salamabila, kwenye machimbo, hakuna mbebaji aliyenipita. Wengine wataona ni kujisifu, lakini waende waulize. Mfuko wa mawe ya dhahabu ambao wanaume wawili waliushika huku na huku, mimi niliutia begani peke yangu na kupanda nao mlima. Sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu, na mpaka leo naandika polepole, herufi moja inaingoja nyingine. Lakini nyumba yangu hapa Kasongo ni ya tofali za kuchoma na mabati, na hakuna mjomba wala padri aliyenipa hata msumari. Mgongo wangu ndio ulioijenga.

Mgongo huohuo ndio ulionitupa. Asubuhi moja niliinama kufunga kiatu nikabaki palepale, nimepinda kama mundu. Walinileta Kasongo kwa pikipiki, nimebanwa katikati ya watu wawili, nikitukana kila shimo la barabara. Hospitalini nikapewa kine, ndivyo tunavyomwita yule anayetengeneza viungo vya watu kwa mazoezi, bila sindano wala vidonge. Nilimdharau. Mikono yake ilikuwa laini kama ya karani. Miezi minne alinilaza chini kwenye mkeka, pumua, nyanyua mguu mmoja, shusha, tena. Mimi niliyebeba mlima. Ila nilipona, na kila zoezi lake lilibaki kichwani mwangu, maana asiyejua kuandika vizuri hukariri vizuri.

Nikanunua pikipiki, nikawa nawapeleka wachuuzi Salamabila na kuwarudisha. Kazi nzuri, kila mtu ananijua. Ningekuwa nayo mpaka leo kama si yaya.

Yaya, kwa lugha ya kwetu, ni dada mkubwa. Mama yetu alikufa mimi sijamaliza kuota meno, na yaya ndiye aliyenifunga mgongoni, akaenda nami kisimani, shambani, kanisani. Aliolewa kijiji cha Wamaza. Bwana wake alipofariki alimwachia shamba bondeni, karibu na kijito, shamba la mihogo na karanga. Desturi ya pale iko wazi: mjane anakaa na shamba la marehemu maadamu analilima. Likilala, ukoo unampa mwingine.

Habari ilinifikia kwamba yaya hawezi tena kwenda shambani. Nilipofika Wamaza nilimkuta amekaa mlangoni. Ili anisalimie aligeuza mwili wote, kama mlango, maana shingo haikugeuka. Mdogo wa marehemu alikuwa hapo, shemeji yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kijana anayetaka kuoa na hana pa kulima.

"Shemeji, shamba haingoji mugonjwa," alisema, kwa sauti ya chini. "Mvua ya kwanza ikinyesha nitakuja. Nikikuta unang'oa mihogo yako na kuibeba mpaka ku barabara, hakuna neno, shamba iko yako. Nikikuta umekaa hivi, nitamupa mutoto."

"Mvua ya kwanza yaya atakubeba na weye juu ya mihogo," nikamwambia.

Yaya alinikata jicho. Kesho yake nilimpakia kwenye pikipiki, nikamleta kwangu. Kiangazi kilikuwa kinaanza. Tulikuwa na miezi mitatu.

Kine alimpapasa, akasema hakuna mfupa uliovunjika, ni nyama za shingo na kiuno zimechoka upande mmoja. Akanionyesha la kufanya kila asubuhi, vitu vidogo vidogo. "Weye unayajua tayari," akaniambia. "Umusimamie."

Hapo nilifanya kosa ambalo mbebaji tu ndiye angelifanya. Niliona yale mazoezi ni ya watoto. Nikajaza mchanga kwenye mfuko, nikamwambia yaya abebe, azunguke ua, atue, abebe tena, nami nahesabu kwa sauti kama tulivyohesabiana Salamabila. Wiki ya kwanza alinitii. Wiki ya pili alianguka kitandani, siku nne hageuki, hali chakula, machozi yanamtoka bila kulia. Niliingia na chai nikakaa kwenye kigoda.

"Mudogo wangu," akasema akitazama mabati, "tangu nikiwa mutoto wa kike niko nabeba. Maji nabeba, kuni nabeba, mihogo nabeba. Sasa weye unanifundisha kubeba? Mimi ndiye nilikubeba weye."

Nikaweka chai chini, nikatoka, nikaumwaga ule mchanga uani.

Alipopata nafuu nilirudi kwenye mazoezi ya kine, yale ya watoto. Lakini kabla ya hapo nilimwomba anionyeshe anavyobeba kitunga, kile kikapu cha mgongoni, shambani. Nimeishi na vitunga tangu kuzaliwa na sikuwahi kutazama. Alileta kitunga kitupu, akakiweka chini, akakaa mbele yake miguu imenyooka, mgongo umekigusa. Akapitisha mkanda wa kitunga kwenye paji la uso. Kisha akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, juu, hewani. Akabaki hivyo.

"Unangoja nini?" nikamwuliza.

"Hapa bwana alikuwa ananishika mukono, ananivuta, nasimama."

"Na tangu alipokufa?"

Akashusha mkono. "Kuna kisiki upande wa kushoto. Nakikamata, najipinda, natoka."

Miaka miwili ya ujane. Kila jioni, kitunga kimejaa, anajipinda kushoto kwenye kile kisiki. Kubeba hakukumshinda hata siku moja. Kilichomvunja ni kuinuka. Wanawake wote wa kwetu wanajua kwamba mzigo unahitaji mtu wa kukutwika au wa kukupa mkono, na yaya hakuwa tena na mtu. Mimi, bingwa wa Salamabila, nilikuwa namwongezea mchanga.

Tangu siku hiyo hakunyanyua kitu. Tukimaliza yale ya kine tulijifunza kuinuka tu. Kwanza kutoka kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, mara tano, pumzika, mara tano. Kiti kilipokuwa rahisi nikageuza kinu, akawa anainuka kutoka kwenye kinu. Halafu kigoda. Halafu tofali mbili, tofali moja. Mwisho chini kabisa: anaegemea mbele mpaka magoti, goti moja linabaki, mguu mwingine unakanyaga, mkono juu ya paja lake mwenyewe, anasimama. Bila kujipinda. Shingo ilianza kugeuka kabla hatujafika kwenye tofali.

Majirani walichungulia juu ya ua wa matete. Mmoja alicheka mpaka akashika tumbo. "Ah, mama mukubwa anafundishwa kusimama kama mutoto."

"Mutoto akianguka anasimama," yaya alimjibu, yuko kwenye tofali. "Weye ukianguka unaita nani?"

Yule mama hakucheka tena. Wala hakuondoka.

Mvua ya kwanza ilitukuta Wamaza tayari. Siku mbili baadaye shemeji akaja shambani kama alivyosema, na nyuma yake wanawake kadhaa waliokuwa wanapita kwenda kijitoni, maana habari za namna hiyo hazikosi watu. Mimi nilikuwa nimekwisha kukitangazia kijiji kizima kwamba yaya atatoka na kitunga kimejaa mpaka mdomoni. Nilikijaza kwa mikono yangu. Mihogo mibichi, na udongo wake.

Yaya alikitazama. Akachuchumaa, akaanza kutoa mihogo, mmoja mmoja, akiipanga chini.

"Yaya, wacha," nikamnong'oneza. "Utaweza. Watu wanatazama."

"Weye ndiye utabeba?"

Alitoa karibu nusu. Akakaa, akapitisha mkanda. Shemeji, kwa mazoea tu, alinyoosha mkono kumvuta. Yaya hakuushika. Aliegemea mbele, magoti, goti moja, mguu ukakanyaga matope ukateleza kidogo, ukashika. Mkono juu ya paja. Akasimama. Akapanda bonde mpaka barabarani, akatua, akarudi mikono mitupu akitembea wima, akaketi tena, akajaza ile nusu nyingine, akainuka tena.

Shemeji alifuta mikono yake kwenye suruali. "Basi," akasema. "Nitamutafutia mutoto pahali pengine." Na alitafuta, akapata ng'ambo ya kijito. Sisi si maadui.

Nilidhani wale wanawake watazungumzia uzito. Hakuna aliyeuzungumzia. Mmoja wao, mwenye mimba ya miezi mingi, alinivuta pembeni akaniuliza kama ni kweli hakuna aliyemshika mkono, hata kidogo.

"Ulimuona mwenyewe."

"Basi na miye nifundishe hiyo."

Ndivyo nilivyoiacha pikipiki. Leo niko na ua mpana hapa Kasongo, umezungushwa matete marefu, na wanawake wanakuja asubuhi tatu kila juma: wachuuzi wa soko, walimu, mama waliojifungua, bibi wenye fimbo. Wananiita kocha. Hakuna mwingine wa kazi hii kutoka hapa mpaka Kabambare, na akitokea nitamfundisha. Mimi nasema na kuonyesha. Anayewagusa na kuwarekebisha ni yaya, anapokuja kiangazi, na akiwa Wamaza ni yule jirani aliyecheka. Ndiyo, huyohuyo. Mume mmoja alikuja kuuliza mke wake anafanya nini kwenye ua wa mwanaume. Yaya alimwekea tofali moja, akamwambia akae, halafu asimame mikono imekunjwa. Alijaribu mara tatu, akakaa tena mara tatu. Kesho yake mke alikuja mapema kuliko wote.

Mwanamke akiingia kwangu mara ya kwanza simpi kitu cha kunyanyua. Namwambia akae chini, kisha ainuke, nami natazama. Kutazama ndiko kulikonichukua muda mrefu kujifunza.

Juzi yaya alifika kutoka Wamaza na kitunga cha karanga za shamba lile. Alishuka kwenye pikipiki ya watu kwenye kona, akabeba mwenyewe mpaka kwangu, akakaa kidogo kwenye tofali za mlangoni kuzungumza na jirani, mkanda bado uko kwenye paji. Nilimwona kutoka ndani. Nikatupa ufagio, nikakimbia, mkono nimeshaunyoosha.

Nilimkuta amekwisha simama.